Nani Anakunywa Maji ya Bizari?

Sogeeni, sogeeni! Kaeni vizuri, na aliye na mafua apenge kwanza. Nataka kuwaambia habari za samaki mmoja na maji yake.

Samaki mwenyewe anaitwa Bizari. Ni mdogo kama kidole gumba, na ni wa manjano kutoka mdomoni hadi mkiani.

Bizari anaishi Tabora. Naam, Tabora! Bahari iko mbali na huko, mbali kabisa.

Anaishi sebuleni, ndani ya tangi la kioo. Tangi lina mchanga, lina mawe, lina pango dogo la kulala, na lina pampu inayopuliza hewa. *Blu-blu-blu. Blu-blu-blu.*

Anayemtunza ni Mwantumu. Mwantumu ana miaka sita, meno mawili yameng'oka, na maswali yake hayaishi.

"Bibi, samaki anapiga chafya?"

"Sijui, mke mwenzangu."

"Bibi, samaki anaota ndoto?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nachagua mchele."

Bibi yake Mwantumu amezaliwa Tanga, karibu kabisa na bahari. Alihamia Tabora kukaa na mjukuu wake, lakini mtu akitaja bahari, Bibi hunyoosha shingo. Hapo utasikia tu.

"Bahari? Mimi ndiye wa kuulizwa bahari! Nimezaliwa huko mie!"

Bizari aliletwa na Mjomba Kibwana, mtoto wa Bibi, anayefanya kazi ya kuchunguza samaki. Alileta tangi, akaleta na madumu matatu ya maji ya bahari.

Mjomba alibandika utepe mwekundu kwenye kioo.

"Mwantumu, unauona utepe huu? Maji yasishuke chini yake. Umesikia?"

"Nimesikia, Mjomba."

"Ukimtunza vizuri, Bizari ataishi miaka mingi. Usipomtunza, atakufa. Nakuamini."

Kisha Mjomba akaenda kazini kwake, kwenye visiwa vya mbali ambako simu haishiki.

Mwantumu akabaki na Bizari. Akampungia mkono. Bizari akatikisa mkia.

Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, mambo yalikuwa safi. Mwantumu akaamka asubuhi ya siku ya nne.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu."

Akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Lo! Maji yalikuwa chini ya utepe. Yamepungua upana wa kidole kimoja.

Mwantumu akapiga magoti. Akapapasa meza, kavu. Akapapasa sakafu, kavu.

*Hayakumwagika. Hayakunywewa.*
*Sasa maji yameenda wapi?*

"Bibi! Maji ya Bizari yamepungua!"

Bibi akaja na kanga yake begani. Akatazama tangi, akanyoosha shingo.

"Yamepungua? Tunaongeza! Mimi nimezaliwa pwani, hili si jambo la kunishinda. Samaki wa bahari, maji ya bahari!"

Akabeba dumu. Akamimina. *Gubu-gubu-gubu!*

Maji yakafika kwenye utepe. Bibi akafuta mikono, akarudi jikoni akiimba.

Lakini baada ya siku chache, mambo yakawa yale yale. Maji yalikuwa chini ya utepe, tena upana wa kidole kimoja.

Mwantumu akakunja uso. Au kuna mtu anayakunywa kwa siri, akawaza. Ni nani?

Labda ni Chongo, paka wa nyumbani. Chongo hupenda kukaa juu ya kabati akimtazama Bizari kwa jicho lake moja zima.

Mwantumu akajificha nyuma ya kochi. Akakaa. Akakaa. Mguu ukafa ganzi.

Chongo akashuka kutoka kabatini. Akanusa tangi. Akaingiza ncha ya ulimi kwenye tone lililokuwa mezani.

*Pfyuu!* Chongo akatema. Akatikisa kichwa, akakimbia hadi uani.

"Si Chongo," akasema Mwantumu. "Chongo hapendi chumvi."

Labda tangi limetoboka. Mwantumu akatandika gazeti chini ya meza, akangoja mpaka jioni. Gazeti lilikuwa kavu. Lingeweza hata kufungia karanga.

Labda ni Bizari mwenyewe! Mwantumu akamtazama tumbo. Tumbo lilikuwa dogo vile vile.

*Hayakumwagika. Hayakunywewa.*
*Sasa maji yameenda wapi?*

Na Bibi? Bibi hakuwa na maswali. Yeye alikuwa na dumu.

"Samaki wa bahari, maji ya bahari!"

*Gubu-gubu-gubu!*

Huo ulikuwa mwezi wa kumi, na Tabora mwezi wa kumi ni joto, wacha tu. Jua liliingia dirishani. Feni ilizunguka mchana kutwa. *Fuu-fuu-fuu.*

Maji yakapungua, Bibi akaongeza. Yakapungua, akaongeza. Dumu la kwanza likaisha. Dumu la pili nalo likaisha.

Kisha ikaja asubuhi mbaya.

Mwantumu alienda kumlisha Bizari. Akatia chakula chake, chembe chembe. Bizari hakuja.

Alikuwa amejibanza pangoni. Anapumua harakaharaka, mapezi yameshuka. Hata manjano yake yalikuwa yamefifia.

"Bizari? Njoo ule."

Bizari hakutikisa mkia.

Mwantumu akamwita Bibi, na sauti ikatoka nyembamba.

"Bibi, Bizari anaumwa."

Bibi akainama, akachungulia. Safari hii hakunyoosha shingo.

"Mama wee. Kweli hajiwezi."

"Atakufa?"

Bibi akapiga simu kwa Mjomba Kibwana. Simu haikushika. Akapiga tena. Haikushika.

Mwantumu akalia. Alilia machozi hasa, mpaka kamasi zikatoka. Alimpenda Bizari, na Mjomba alikuwa amesema, "Nakuamini."

"Usilie, mjukuu wangu," Bibi akasema. "Ngoja nimwongezee maji. Labda akipata maji mengi ya kwao atapata nguvu."

Akabeba dumu la tatu. Lakini alimimina kwa haraka, na maji mengine yakarukia mezani. *Cha!*

Meza ile ilikuwa nyeusi. Bibi hakuyafuta. Alikwenda jikoni, maana maharage yalikuwa motoni.

Mwantumu akabaki. Akaegemeza kidevu mezani. Akayatazama yale matone kwa macho yenye machozi.

Jua likayapiga. Feni ikayapuliza. *Fuu-fuu-fuu.*

Tone moja likawa dogo. Likawa dogo zaidi. Likatoweka!

Mwantumu akafuta machozi. Akasogea karibu. Hapo tone lilipokuwa, palibaki alama nyeupe.

Akaigusa. Ilikuwa ungaunga. Akalamba kidole.

"Chumvi!"

Akaangalia tone la pili. Nalo likatoweka. Nalo likaacha unga mweupe. La tatu vile vile!

"Maji yamepaa," Mwantumu akanong'ona. "Yamepaa na upepo. Chumvi haikupaa. Chumvi imebaki."

Akageuka kulitazama tangi. Maji ya tangini nayo yalikuwa yanapigwa na jua. Nayo yalikuwa yanapulizwa na feni.

*Hayakumwagika. Hayakunywewa.*
*Yamepaa!*

"Bibiii! Bibiii!"

Mwantumu akakimbia jikoni. Kumbe huko nako kuna msiba. Bibi alikuwa ameduwaa akimuwazia Bizari, na maharage yalikuwa yamechemka kupita kiasi. *Toko-toko-toko-toko!*

Mchuzi ulikuwa karibu kukauka wote.

Bibi akachota mchuzi kidogo kwa mwiko. Akaudondosha kwenye kiganja, kama wapishi wanavyofanya. Akalamba.

"Aaah! Chumvi imekolea! Haya hayaliki!"

"Bibi, umeongeza chumvi?"

"Hata punje moja sijaongeza. Nilitia asubuhi, basi. Ni maji tu yamekauka."

"Maji yamepaa, chumvi imebaki?"

"Ndiyo hivyo. Mchuzi ukikauka, chumvi inazidi. Kila mpishi anajua."

Bibi akachota kikombe cha maji ya kunywa mtungini. Maji hayo huyachemsha kila jioni, yakipoa huyatia humo na kuyafunika. Akakinyanyua amimine kwenye sufuria.

Mwantumu akauliza, "Bibi, mbona hutii maji ya chumvi?"

"We mtoto! Chumvi imeshazidi, halafu niongeze maji ya chumvi? Si nitayaharibu kabi..."

Kikombe kikabaki hewani. Bibi akamtazama Mwantumu. Mwantumu akamtazama Bibi.

Wote wawili wakageuka kutazama sebuleni.

"Ewe Mola," akasema Bibi. "Tumemkausha Bizari kama maharage!"

Wakakimbia. Bibi mbele, Mwantumu nyuma, kanga ikaanguka njiani. Hakuna aliyeiokota.

Bibi akadondosha maji ya dumu kwenye kiganja cha kushoto. Akalamba.

"Haya ndiyo maji ya bahari. Nayajua tangu utotoni, yaliniingia puani kila siku."

Akadondosha maji ya tangi kwenye kiganja cha kulia. Akalamba. Akakunja uso mpaka macho yakapotea.

"Mmh! Mmh-mmh! Chumvi hii hata bahari haina!"

"Na mimi nionje!"

"Lamba kidogo, kisha uteme."

Mwantumu akalamba tone la kwanza. Chumvi. Akalamba tone la pili. CHUMVI! Akatema, akasukutua, akatema tena.

Bibi akakaa kwenye kochi. Uso wake ulikuwa umepoa.

"Ni mimi," akasema. "Maji yakipaa, chumvi inabaki. Mimi nikaleta chumvi nyingine. Nikaleta tena. Madumu mawili mazima, na la tatu nimelianza! Na maneno mengi juu. Nimezaliwa pwani, nimezaliwa pwani."

Mwantumu akamshika mkono. "Hukujua, Bibi."

"Sikuuliza, mjukuu wangu. Wewe uliuliza."

Kisha Bibi akasimama. "Haya! Maharage yakizidi chumvi tunafanyaje?"

"Tunapunguza mchuzi! Tunaongeza maji matamu!"

Maji matamu ni maji yasiyo na chumvi, yale ya mtungini. Mwantumu akaenda kuchukua ndoo nzima, akaja nayo anayumba, maji yanamrukia miguuni.

"Simama hapo hapo!" Bibi akasema. "Unataka kumwagia yote?"

"Ndiyo! Apone sasa hivi!"

"Sikiliza. Umetoka juani, umelowa jasho. Nikikumwagia ndoo ya maji ya baridi ghafla, utafanyaje?"

"Nitaruka hadi darini!"

"Basi na yeye atashtuka. Maharage hayashtuki, lakini Bizari ana roho. Tutakwenda kidogo kidogo."

Mwantumu akaiweka ndoo chini. Hakupenda, lakini alielewa.

Wakachukua kikombe.

*Toa kikombe kimoja cha chumvi.*
*Tia kikombe kimoja kitamu.*
*Pole pole, Bizari, pole pole.*

Asubuhi kikombe kimoja. Mchana kikombe kimoja. Jioni kikombe kimoja. Mwantumu alikuwa anamimina taratibu sana, pembeni ya tangi. *Tiririri.*

Siku ya kwanza, Bizari alibaki pangoni. Mwantumu hakumaliza wali wake.

*Toa kikombe kimoja cha chumvi.*
*Tia kikombe kimoja kitamu.*
*Pole pole, Bizari, pole pole.*

Siku ya pili, Bizari alibaki pangoni. Lakini alikuwa hapumui tena harakaharaka. Mwantumu alihesabu pumzi zake, akapotea kwenye ishirini, akaanza upya.

Siku ya tatu, jicho moja likachungulia nje.

"Bibi, ameniona!"

"Usimpigie kelele, mke mwenzangu. Mgonjwa hapigiwi kelele."

*Toa kikombe kimoja cha chumvi.*
*Tia kikombe kimoja kitamu.*
*Pole pole, Bizari, pole pole.*

Kila jioni Bibi alikuwa anadondosha tone moja la dumu na tone moja la tangi. Analamba huku, analamba kule.

"Bado."

Siku ya nne, "Bado kidogo."

Siku ya sita Bibi akalamba huku, akalamba kule. Akalamba tena huku. Akafumba macho.

"Sawasawa! Sasa siwezi kusema lipi la dumu na lipi la tangi."

Mwantumu akatia chakula, chembe moja tu. Chembe ikaelea. Ikazama. Ikashuka, ikashuka, mbele ya pango.

*Nyaku!*

Bizari akaidaka!

Akatoka pangoni mzimamzima. Akaogelea mpaka juu, akaogelea mpaka chini, akazunguka jiwe mara mbili. Akadai chembe nyingine, mdomo wazi.

Mwantumu akaruka. Bibi naye akaruka, jamani, na magoti yake yale! Chongo akaona nyumba hii haina usalama, akahamia uani.

"Bizari," Bibi akasema akiwa ameinama mbele ya kioo, "nisamehe, baba. Nilikutendea mambo ya jeuri."

Bizari alikuwa anatafuna. Hakuonekana kuwa na kinyongo.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Mwantumu alitazama utepe mwekundu. Maji yakishuka kidogo, aliongeza maji matamu, tena kidogo, mpaka kwenye utepe. Feni wakaigeuzia upande wa pili. Juu ya tangi wakaweka kifuniko chenye nafasi ya kupitisha hewa.

Mwisho wa mwezi, simu ikalia. Alikuwa Mjomba Kibwana, amerudi mjini.

"Shikamoo, Mjomba!"

"Marahaba, Mwantumu. Bizari hajambo?"

Mwantumu akamweleza yote. Matone, maharage, viganja, vikombe. Alieleza kwa pumzi moja, mpaka Mjomba akamwambia avute pumzi.

Kisha Mjomba naye akavuta pumzi.

"Hilo kosa ni langu," akasema. "Nilikwambia maji yasishuke. Sikukwambia uongeze maji gani. Yanayopaa ni maji matamu, basi tunarudisha maji matamu. Umegundua mwenyewe jambo ambalo mimi nilifundishwa darasani na mwalimu!"

"Na Bibi pia aligundua."

"Mama? Mama aliyezaliwa pwani?"

"Nakusikia, Kibwana!" Bibi akapaza sauti kutoka jikoni. "Hebu mwache mama yako!"

Mjomba akacheka huko, Mwantumu akacheka huku.

Usiku ukaingia. Mwantumu akaoga, akapiga mswaki kwenye meno aliyonayo, akapanda kitandani. Bibi akashusha chandarua.

"Bibi."

"Eeh."

"Yale maji yaliyopaa yako hewani?"

"Yako hewani."

"Humu ndani?"

"Mengine humu ndani, mengine yameshatoka dirishani."

Mwantumu akavuta hewa kwa nguvu puani. *Fffff.* Akaiachia.

"Basi kuna maji ya Bizari puani mwangu?"

"Hahaha! Huenda yakawemo, mke mwenzangu. Lala."

"Bibi, yakifika juu kabisa yanafanya nini?"

Hilo lilikuwa swali zuri. Bibi alikaa kitandani, akaliwaza vizuri, maana siku hizi hakimbilii kujibu. Akafikiria mawingu. Akafikiria mvua.

"Nadhani," Bibi akaanza kusema, "nadhani yanakutana na mengine..."

Lakini Mwantumu alikuwa ameshalala, mdomo wazi, mkono mmoja nje ya shuka.

Bibi akaurudisha mkono ndani. Akazima taa. Kabla ya kwenda chumbani kwake, akapitia sebuleni, akachungulia kwenye tangi.

Bizari alikuwa amelala pangoni, anapumua taratibu. Mzima wa afya.